Darsa ya Mavazi, Maumbile na Afya ya Nafsi: Jawabu kwa Mama Aliyetuuliza

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, darsa ya mara hii hatukuichagua sisi. Tumelazimishwa na kosa letu wenyewe, nasi twaona ni wajibu tulitaje kosa hilo kwanza, kwani mwenye kufundisha watu akaficha alipoteleza, huyo amewafundisha kuteleza.

Usiku mmoja baada ya darsa alitujia bwana mmoja wa mji huu, mtu mwenye heshima zake, naye uso umemwiva kwa haya. Akasema kwamba amemkuta mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba, amejifungia chumbani amejitanda leso ya mamake na kuvaa bangili zake. Akauliza: "Nimfanyeje?" Kabla hajamaliza maneno yake, mmoja katika sisi akamjibu: "Mtoe nyumbani. Hadithi iko wazi." Wengine tuliokuwapo tukanyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa ni kukubali. Yule bwana akenda akafanya kama alivyoambiwa.

Haukupita muda mrefu tukapata khabari kwamba kijana yule amejaribu kujidhuru, akapelekwa hospitali, na kwa rehema ya Mola akapona. Kisha mamake akatuletea barua, na ndani ya barua hiyo mna maneno haya: "Masheikh wangu, mwanangu mlimhukumu wala hamkumuuliza. Nawaomba munambie, hukumu ile mliitoa katika kitabu gani, na mlikisoma mpaka ukurasa wa mwisho?"

Suala hili limetukosesha usingizi. Tumekaa mikutano kadhaa tukafungua vitabu vya hadithi na fiq'hi, tukauliza pia waliosoma utabibu wa maradhi ya nafsi. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata, nasi twayatoa kwa mpango wa darsa, suala baada ya suala, ili kila mtu ayapime.

SUALA LA KWANZA: Je, jambo hili ni moja au ni mambo mengi?

Sababu kubwa ya watu kudhulumiana katika mlango huu ni kuchanganya majina. Mtaani kwetu neno "hanithi" hutupiwa mtu mwenye sauti nyembamba, na mwenye mwendo wa madaha, na mwenye kuvaa nguo za kike, na mwenye kasoro ya umbo, na hata asiyeoa upesi. Wote hao kwa ulimi wa mtaa ni kitu kimoja. Lakini kwa wanavyuoni na kwa matabibu ni watu mbalimbali, na kila mmoja ana hukumu yake.

Wa kwanza ni huntha, naye ni yule aliyezaliwa na umbo ambalo si la kiume khalisi wala si la kike khalisi. Huyu mafakihi wamemwandikia milango mizima tangu zaidi ya miaka elfu iliyopita: jinsi atakavyorithi, atakavyosimama katika safu ya sala, na atakavyokoshwa akifa. Yule ambaye dalili zake hazikubainika wakamwita khuntha mushkil, yaani mwenye kutatiza, wala hawakumtoa katika Uislamu wala katika utu. Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 walihesabiwa watu 1,524 wa namna hii, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imemtaja mtoto wa namna hii na haki zake. Basi serikali imekuja juzi katika jambo ambalo vitabu vyetu vilikuwa nalo tangu zamani.

Wa pili ni mwanamume mwenye umbo kamili, ila sauti yake, mwendo wake na ulaini wa viungo vyake vyafanana na vya wanawake, naye hakujifundisha hayo wala hakuyataka. Au ni mwanamke aliye kinyume cha hivyo.

Wa tatu ni yule anayevaa mavazi ya jinsi nyingine kwa kukusudia. Na hawa nao makusudio yao si mamoja. Yuko afanyaye kwa mchezo na kuchekesha watu, yuko afanyaye kwa kutafuta riziki, yuko afanyaye kwa kuwa moyo wake hutulia anapofanya hivyo wala mwenyewe hajui kwa nini.

Wa nne ni yule ambaye nafsi yake yapingana na mwili wake. Hujiona ndani ya moyo wake kuwa ni wa jinsi nyingine, na jambo hilo humtia dhiki kubwa, tangu utotoni mara nyingine. Matabibu huiita dhiki hiyo disforia ya jinsia.

Na hapa hapana budi tuongeze jambo moja. Mavazi ni suala mbali, na matamanio ya mwili ni suala mbali. Wako wanaume wengi waliojulikana na matabibu kwa kuvaa mavazi ya kike, nao wana wake na watoto. Mwenye kumwona mtu na leso akamsingizia tendo la haramu ambalo hakulishuhudia, huyo ameingia katika mlango wa kashfa, nao ni mlango wa moto. Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nur, aya ya nne, ametaka mashahidi wanne kwa anayetuhumu zinaa, na akiwakosa basi bakora themanini ni zake yeye msemaji.

SUALA LA PILI: Zimesema nini hadithi za Mtume (s.a.w.)?

Hatutaki mtu adhani kwamba twataka kuzificha hadithi. Katika Sahihi ya Bukhari, kwa mapokezi ya Ibn Abbas, Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Na katika mapokezi mengine ya Ibn Abbas, katika kitabu hicho hicho, imekuja amri ya kuwatoa majumbani. Hadithi hii ndiyo aliyoikusudia ndugu yetu alipomjibu yule bwana. Basi kwa mama aliyetuuliza kitabu twasema: kitabu ni Bukhari, na hadithi ni sahihi. Lakini suala lake la pili, kwamba je, tulisoma mpaka mwisho, hilo ndilo lililotuangusha.

Kwani zipo khabari nyingine. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Madina palikuwa na watu waliojulikana kwa jina la mukhannath, nao walikuwa wakiingia majumbani mwa watu, hata nyumba ya Mtume mwenyewe. Mmoja wao alikuwa akiingia kwa Bi Ummu Salama, mkewe Mtume, wala hakukatazwa, kwani alihesabiwa miongoni mwa wale waliotajwa katika aya ya 31 ya Sura An-Nur, wanaume wafuasi wasio na haja ya wanawake. Mpaka siku moja, wakati wa kuzingirwa mji wa Taif katika mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume akamsikia akimsifia mwanamume mwingine mwili wa binti wa mtu. Hapo ndipo alipokatazwa asiingie tena kwa wanawake.

Tazama, ndugu msomaji. Kabla ya siku hiyo mwendo wake ulikuwa ni ule ule na sauti yake ni ile ile, wala hakufukuzwa. Lililomtoa ni kuvunja amana ya nyumba alizoingia.

Na Abu Dawud amepokea kwamba aliletwa mbele ya Mtume mukhannath mmoja aliyejipaka hina mikononi na miguuni. Mtume akauliza kwanza: ana nini huyu? Akaambiwa kwamba yuajifananisha na wanawake. Akaamrisha apelekwe mahali paitwapo An-Naqi', nje ya Madina. Sahaba wakauliza kama wamuue, naye akakataa, akieleza kwamba yeye amekatazwa kuwaua wenye kusali. Wako wanazuoni waliotia dosari sanadi ya hadithi hii, lakini hata tukiichukua, yatufundisha mambo matatu. Kwanza, Mtume aliuliza kabla ya kuhukumu. Pili, aliyehukumu alikuwa ni mtawala wa mji juu ya mtu mzima, si baba juu ya mtoto aliye katika malezi yake. Tatu, palipotajwa kuua, ulinzi wa sala ukatangulizwa. Na kijana wetu huyu, kwa ushahidi wa mamake, hakuacha sala hata siku aliyotolewa nyumbani.

SUALA LA TATU: Maulamaa walizifahamu vipi hadithi hizi?

Imamu An-Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani kwa madhehebu yetu ya Shafi'i twasoma vitabu vyake, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba mukhannath ni wa namna mbili. Namna moja ni yule aliyeumbwa hivyo, wala hakujikalifisha tabia za wanawake na mapambo yao na maneno yao. Huyu hana lawama, wala dhambi, wala aibu, wala adhabu, kwani ana udhuru. Namna ya pili ni yule anayejikalifisha kwa makusudi, na huyu ndiye aliyetajwa katika laana.

Al-Hafidh Ibn Hajar katika Fat'h al-Bari amekaza zaidi. Amesema kwamba hata aliyeumbwa hivyo huamrishwa ajitahidi kuyaacha kidogo kidogo, na akiendelea kwa kuridhia hulaumiwa. Na kwamba maneno ya An-Nawawi yachukuliwe kuwa ni juu ya yule asiyeweza kuyaacha baada ya kujitahidi. Basi twaona kwamba hata huyu mkali wa wawili hawa ametumia neno "kidogo kidogo". Hakusema kwa siku moja, wala hakusema kwa bakora, wala hakusema kwa kumtupa mtu njiani usiku.

Kisha turudi kwenye fiq'hi ya malezi. Chakula, nguo na makao ya mtoto asiyejimudu ni wajibu juu ya babake, na imekuja katika hadithi kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale walio katika ulezi wake. Wajibu huu hatukupata kitabu kisemacho kwamba huanguka kwa sababu ya leso. Na ile amri ya kuwatoa majumbani hatuoni kwamba yamhusu mtoto aliye nyumbani mwake mwenyewe, hana pengine pa kwenda. Sisi tulikata hadithi mahali tulipotaka, tukamkabidhi baba upande uliokata.

SUALA LA NNE: Ni lipi vazi la kike na ni lipi la kiume?

Ibn Hajar ametaja kwamba namna ya mavazi huhitilafiana kwa ada ya kila mji. Maneno haya ni ufunguo. Mwanamume wa Lamu hujifunga kikoi akaenda sokoni, na mgeni asiyetujua angesema amevaa sketi. Bibi zetu wa Unguja walivaa marinda, nayo ni suruali, wala hapana aliyesema kwamba wamejifananisha na wanaume. Wanaume wa Uskoti huvaa vazi la magoti wazi katika sherehe, na zamani walilivaa hata vitani. Wanja ni pambo la wanawake kwetu, na kupaka wanja kwa wanaume kumepokewa katika suna. Basi si kila kitambaa kina jinsia. Sheria imekataza kukusudia kujifananisha katika lile ambalo ada ya mahali imelikhusisha na jinsi moja, na haikumpa kila jirani rukhsa ya kuwa mpimaji wa shati la mwenzake.

Wala si mara ya kwanza kwa mji wetu kugombana juu ya nguo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika miaka ya 1930 aliwakemea vijana wa Mombasa kwa kuiga Wazungu. Lakini alitumia kalamu na hoja, akawafungulia watu darsa na akawatolea gazeti. Hiyo ndiyo njia ya islahi.

SUALA LA TANO: Wanasema nini matabibu wa nafsi?

Baadhi ya ndugu zetu wakisikia "tabibu wa nafsi" hudhani ni jambo la Wazungu. Sivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi. Alilalamika humo kwamba matabibu wa zama zake wameshughulika na mwili wakaiacha nafsi, hali ya kuwa viwili hivi huambukizana maumivu. Akataja hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, na akaeleza kwamba iko huzuni yenye sababu ijulikanayo na iko huzuni isiyojulikana sababu yake. Na mjini Kairo, hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa kuwatibu wagonjwa wa akili. Basi hii ni mali yetu iliyopotea.

Ama zama hizi, tabibu wa Berlin jina lake Magnus Hirschfeld aliandika kitabu kikubwa mwaka 1910 juu ya watu wanaovaa mavazi ya jinsi nyingine, akawatungia jina kwa Kilatini, na akabainisha kwamba tabia hii si lazima ifuatane na kutamani jinsi moja. Kwa miaka mingi baada yake matabibu wengi waliihesabu hali hii kuwa ni ugonjwa wa akili kwa dhati yake. Kisha wakarejea katika rai yao. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilieleza kwamba kinachotibiwa ni ile dhiki anayoipata mtu, si kule kuhitilafiana kwake na wengine peke yake. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeitoa hali ya nafsi kupingana na mwili katika mlango wa magonjwa ya akili.

Fahamu vizuri, ndugu msomaji. Tabibu hatoi fatwa ya halali na haramu, na sisi hatukuchukua fatwa kwake. Lakini mtu akivunjika mguu hatumwulizi fakihi namna ya kuufunga. Matabibu wanatwambia mambo ambayo ni ya fani yao, nayo ni haya: kwamba kijana wa namna hii mara nyingi hupatwa na huzuni nzito, kukosa usingizi, kujitenga na watu na kukata tamaa ya maisha, kwamba mambo hayo huzidi kwa kupigwa, kudhihakiwa na kufukuzwa, na hupungua akipata hata mtu mmoja wa nyumbani anayemsikiliza, na kwamba kumlazimisha kwa nguvu abadilike hakujathibiti kumnufaisha, bali madhara yake yamethibiti.

Ama wale wanaomchukua kijana kumpunga, wakasema ana pepo wa kike na pepo ataka mbuzi na manukato na fedha, hao twawaambia: mcheni Mungu. Mmechukua fedha ya baba aliyefadhaika na mmemwachia mwana khofu mpya juu ya ile ya kwanza.

SUALA LA SITA: Na wale wanaotaka kubadilisha mwili kwa matibabu?

Katika hili maulamaa wa zama zetu wamehitilafiana. Baraza la Fiq'hi la Makka katika kikao chake cha mwaka 1989 lilikataza kwa mwenye viungo vilivyokamilika, na likaruhusu kumtibu huntha ili abainike. Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alipokuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwaka 1988 akaruhusu pale ambapo tabibu mwaminifu amethibitisha haja ya kimwili, si kwa matamanio tu. Na huko Iran, kwa wenzetu wa Shia, Ayatullah Khomeini aliruhusu, na serikali yao ikafuata. Sisi si watu wa kutoa fatwa katika jambo hili, na hatukulitaja ila kwa sababu mbili: mtu ajue kwamba wakubwa wamelizungumza kwa utulivu, na kijana asiambiwe na mtu wa barazani kwamba kwa kuuliza tu ameshakufuru.

SUALA LA SABA: Basi tufanye nini?

Baba na mama. Jambo la kwanza ni kumfunika mtoto asifedheheke. Jambo la pili ni kumuuliza kwa upole, mkiwa faragha, na kumwacha aseme mpaka amalize. Jambo la tatu ni kumweleza mafunzo ya dini kama unavyomweleza mtu unayempenda. Ukiona halali, hali, amegawa vitu vyake, au asema kwamba afadhali asingezaliwa, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vya kumdhuru, na umpeleke kwa tabibu siku hiyo hiyo. Hapa Mombasa hospitali ya Port Reitz ina wadi ya maradhi ya akili. Wala usiogope sheria: zamani kujaribu kujiua kulikuwa ni kosa la jinai katika Kenya, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mgonjwa hupelekwa kwa tabibu, hapelekwi kituo cha polisi.

Walimu wa madrasa. Mtoto mwenye sauti laini asiitwe majina mbele ya wenziwe. Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, amekataza dhihaka na kupeana majina mabaya. Na Tirmidhi amepokea hadithi ya kwamba anayemwita mwenziwe "ewe mukhannath" apigwe bakora ishirini. Ni kweli kwamba Tirmidhi mwenyewe ameeleza udhaifu wa mpokezi wake, lakini watosha ushahidi kwamba wazee wetu waliliona tusi hili kuwa ni jeraha.

Majirani. Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo imekataza kudhania na kupeleleza. Aliyejifungia chumbani mwake na mlango, haifai kumchungulia, na aliyeona kwa bahati afiche. Wanaopiga picha na kuzitawanya kwa simu wanatawanya dhambi zao wenyewe.

Na sisi wa minbari na darsa. Tusijibu suala kabla muulizaji hajamaliza.

KWA WANAOTUPINGA

Najua, ndugu wasomaji, sauti zimeshaanza: "Mwafungua mlango wa ufisadi." Jawabu letu ni kwamba hatukuhalalisha lililoharamishwa, hadithi ya Ibn Abbas tumeitaja mwanzo kabisa, nayo iko mahali pake. Tulilolipinga ni kuifanya hadithi hiyo fimbo ya kupigia asiyehusika, au kuitumia kwa njia ambayo Mtume hakuitumia. Wengine watasema: "Haya yameletwa na Wazungu." Twawajibu: waliokuwako Madina katika karne ya kwanza waliletwa na nani? Na wengine watasema: "Mtoto akihurumiwa ataharibika." Twawajibu kwa swali: yule tuliyemnyima huruma, je, alitengenea? Alikuwa karibu kutiwa kaburini, na sisi tungemsalia, kisha tungerudi barazani tukasema ni kadari.

KHITIMISHO NA MASUALA YA KURUDIA DARSA

Tuliyojifunza ni haya. Watu wa mlango huu ni namna mbalimbali, na hukumu moja kwa wote ni dhulma. Laana imewafikia wanaokusudia, na asiyekusudia ana udhuru kwa kauli ya An-Nawawi. Ada ya mji ina hisa katika kujua vazi la nani ni lipi. Dhiki ya nafsi ni maradhi kama maradhi mengine, na kuitibu ni katika kuhifadhi nafsi, jambo ambalo sheria yetu imeliweka katika mafunzo yake makuu.

Wanafunzi wa halaka wajiulize: Ni kwa nini Mtume aliuliza "ana nini huyu?" kabla ya kuamrisha? Ni ipi tofauti ya An-Nawawi na Ibn Hajar, na wameafikiana wapi? Ni majina gani tunayowaita watu mtaani ambayo yatupasa kuyaacha kuanzia leo?

Ama wewe mama uliyetuandikia, jawabu yako ni hii. Hukumu ile tuliitoa katika kitabu sahihi, lakini tuliisoma nusu, na nusu tuliyoiacha ndiyo iliyokuwa na mwanao. Tumekwenda kwa mumeo watu watatu, na yule ndugu aliyetoa jawabu la haraka ndiye aliyetangulia kusema, akamwomba radhi mbele yetu. Mumeo hakusema neno. Alinyanyuka, akachukua kofia yake, akatuuliza kama saa hizi hospitali wanaruhusu watu kuingia kumwona mgonjwa. Tukamwambia twende sote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipoharakisha, na awaponye watoto wetu nafsi na miili yao. Wabillahi tawfiq.